Milango Miwili ya Mgeni wa Ndoa

Wasikilizaji wangu, leo nataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo zamani lilikuwa la watu wachache, lakini siku hizi limefika hata vijijini. Kijana huenda ng'ambo kusoma au kufanya kazi, akapata huko mchumba wa taifa lingine. Au binti hukutana na mgeni mjini, wakaoana. Kisha hutaka kurudi nyumbani pamoja. Wazazi wakisikia habari hiyo huchinja kuku, wakidhani kwamba kazi iliyobaki ni kupika tu. Sivyo. Mgeni wa ndoa ana milango miwili ya kupita: mlango wa Serikali na mlango wa nyumba. Kila mlango una ufunguo wake, na ufunguo wa mmoja haufungui wa pili.

Nitawapa mfano wa kweli. Katika Bechuanaland, nchi ambayo leo huitwa Botswana, alikuwako Seretse Khama, mrithi wa uchifu wa Wabamangwato. Alikwenda Uingereza kusoma sheria, na mwaka 1948 akamwoa huko London Bibi Ruth Williams, Mwingereza. Amu yake, Tshekedi, aliyeshika utawala kwa niaba yake, aliikataa ndoa hiyo. Watu wakakutana barazani Serowe mara kadha wa kadha, wakateta, wakabishana; na katika mwezi wa Juni 1949 wengi wao wakamkubali Seretse pamoja na mkewe. Mwezi wa Agosti Bibi Ruth akafika Serowe. Basi mlango wa nyumbani ulikuwa umefunguliwa.

Lakini mlango wa pili ulifungwa. Serikali ya Uingereza haikutaka kuiudhi Afrika Kusini, ambayo mwaka huo huo wa 1949 ilitunga sheria ya kuwakataza Wazungu wasioane na watu wa rangi nyingine. Mwaka 1950 Seretse aliitwa London, akakatazwa kurudi kukaa kwao. Yeye na mkewe wakaishi Uingereza kama watu waliofukuzwa, mpaka mwaka 1956 aliporuhusiwa kurudi baada ya kuuacha uchifu. Mwaka 1966 akawa Rais wa kwanza wa Botswana. Mwisho ulikuwa mwema, lakini fikirini miaka ile iliyopotea.

Sasa tuitazame Kenya ya leo. Sheria yake haimwulizi mtu rangi ya mwenziwe. Lakini humwuliza hati zake, na asiye na hati hana jibu.

Kwanza, jueni kwamba ndoa peke yake haimpi mgeni haki ya kukaa. Cheti cha ndoa ni ushahidi tu, wala si ruhusa. Tangu Januari 2024 Kenya imeacha kutoa viza za zamani, na mahali pake imeweka idhini ya kusafiri inayoombwa kwa mtandao kabla ya kuondoka. Idhini hiyo ni ya kutembea, si ya kuhamia. Mgeni huandikiwa siku chache, kwa kawaida zisizozidi 90. Anayetaka kukaa na mumewe au mkewe yafaa aombewe pasi ya mtegemezi, yaani pasi ya mtu anayetunzwa na mwenyeji. Mwombaji ni yule mwenyeji wa Kenya. Yeye ndiye anayetoa cheti cha ndoa na kitambulisho chake, na kukiri kwamba atamtunza mwenziwe. Kadhalika mgeni atakayekaa zaidi ya siku 90 hana budi kuandikishwa na kupewa kitambulisho cha wageni.

Wazee wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapa jihadharini! Pasi ya mtegemezi haimruhusu mtu kushika jembe la mshahara. Akitaka kuajiriwa au kufanya biashara, sharti apate kibali cha kazi. Wengi wamepanga maisha kwa kutumainia mishahara miwili, kisha wakajikuta wakila mmoja. Hesabu hiyo ifanywe kabla ya kununua tiketi.

Ndoa ikikaa miaka 3, mgeni aweza kuomba ukaazi wa kudumu. Ikitimiza miaka 7, Katiba ya mwaka 2010 humpa haki ya kuomba aandikishwe kuwa raia. Katiba hiyo iliondoa pia dhuluma ya zamani. Kabla yake, mwanamume wa Kenya aliweza kumpatia mkewe mgeni uraia, bali mwanamke wa Kenya hakuweza kumpatia mumewe. Na mtoto aliyezaliwa ng'ambo alifuata uraia wa baba, si wa mama. Leo mume na mke ni sawa mbele ya sheria hiyo, na mtoto wa Mkenya, awe mama au baba, ni raia tangu kuzaliwa, popote alipozaliwa. Kenya hukubali pia uraia wa nchi mbili. Lakini nchi nyingine hazikubali, basi mgeni na aulize kwao kabla ya kutia sahihi.

Sasa tuje kwenye mlango wa pili, yaani nyumba. Hapa ndipo machozi mengi humwagika, kwa sababu watu huona haya kusema mapema.

Tuseme kijana amerudi na mkewe. Baba yake amempa mahali pa kujenga katika shamba lake. Mke anatoa akiba yake aliyoiweka kwa miaka mingi, na nyumba nzuri ya mawe inasimama. Lakini hati ya ardhi ina jina la baba mkwe. Baada ya miaka kumi mume anakufa. Ndugu wanasema, "Shamba ni la ukoo." Je, bibi huyu ana nini mkononi?

Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 huilinda nyumba ya mume na mke. Mmoja hawezi kuiuza wala kuiweka rehani pasipo ridhaa ya mwenziwe, wala hawezi kumfukuza humo ila kwa amri ya mahakama. Lakini nyumba inayotajwa na sheria hiyo ni ile iliyo mali yao, au waliyoipanga, wote wawili au mmoja wao. Nyumba iliyojengwa katika ardhi ya mtu mwingine ina ulinzi dhaifu. Tena Katiba husema kwamba asiye raia hawezi kumiliki ardhi milele. Aweza kuikodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Kwa hiyo mgeni hawezi kuandikwa mwenye shamba, hata kama fedha zote zilikuwa zake.

Dawa yake ni nini? Ikiwa baba ametoa ardhi kweli, ipimwe, igawanywe, na kijana apate hati kwa jina lake; na ikiwa ni shamba la kilimo, idhini ya bodi ya ardhi itafutwe. Risiti za saruji, mabati na mafundi ziwekwe. Mume na aandike wasia akiwa na afya, wala asingoje kitanda cha hospitali. Na kama mambo ya ardhi hayajawa wazi, heri kupanga nyumba ndogo mjini kwa mwaka mmoja kuliko kujenga kubwa juu ya neno la mdomo.

Jambo la mwisho halimo katika sheria yo yote. Kabla ya kumleta mwenzi wako, mwambie ukweli wa nyumba yenu. Mwambie maji hutoka wapi, choo kiko wapi, taa ni ya namna gani, na kwamba shangazi atakuja kukaa bila kubisha hodi. Mweleze na mama yako tabia ya mgeni huyo: pengine atataka mlango wake ufungwe usiku, wala si kwa dharau. Mtu aliyeambiwa mapema huvumilia mengi; aliyedanganywa huona hata dogo kuwa kubwa.

Ada na fomu hubadilika mara kwa mara, basi ziulizeni Idara ya Uhamiaji yenyewe, wala msimpe fedha mtu wa njiani asemaye kwamba anawajua wakubwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji naye ana wajibu wa kuifungua milango yote miwili kabla mgeni hajafika uani. Kwaherini.