Kwa Nini Mitetea Hudonoana

Vifaranga wa wiki moja hawana mkubwa wala mdogo. Hulaliana, hukanyagana, hupokonyana mchwa, na aliyepokonywa husahau papo hapo. Kuanzia wiki ya tatu hivi michezo yao hubadilika: mmoja hutimua mbio bila kufukuzwa, mwingine humrukia, wakasimama kifua kwa kifua, kisha wakaachana kila mmoja akaenda kuparua kwake. Mshindi hajapatikana. Ni kati ya wiki ya sita na ya kumi, mapora wakitangulia na mitetea wakifuata, ndipo mchezo hugeuka kuwa jambo la kweli.

Hapo ndipo wafugaji wengi wa nyumbani huingiwa na hofu. Mtu anamwona mtetea akidonolewa utosini kila akisogelea chakula, anaamini bandani mmezuka kuku mkorofi, na wapo wanaoishia kumchinja huyo mkorofi. Ningewasihi waweke kisu chini kwanza, wavute kigoda, wakae watazame.

Mitetea wawili wanakutana kwenye chombo cha maji. Wote wananyoosha shingo, manyoya ya shingoni yanatutumka, wanakodoleana macho. Mmoja anamdonoa mwenzake kwenye upanga, ile nyama nyekundu ya kichwani, mara moja au mbili. Aliyedonolewa anainamisha kichwa, anageuza uso, anajitenga hatua mbili tatu. Yamekwisha. Kesho wakikutana hapo hapo, mkubwa atainua kichwa tu na mdogo atapisha. Damu haitoki, nguvu hazipotei bure, na wote wawili watakunywa maji. Kundi la kuku 10 lina jozi 45, na kila jozi humaliza neno lake yenyewe. Ndiyo maana safu haiwi nyoofu siku zote: unaweza kukuta mweusi anamtawala kishingo, kishingo anamtawala wa madoadoa, na wa madoadoa anamfukuza mweusi.

Mtu wa kwanza kuyaeleza haya kisayansi ni Thorleif Schjelderup-Ebbe wa Norway, aliyezaliwa mwaka 1894. Tangu utotoni aliwapenda kuku, akawa anaandika daftarini nani kamdonoa nani. Kazi yake, iliyochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, ndiyo iliyowaonyesha wanasayansi kwamba kundi la kuku lina vyeo, na kwamba vyeo hivyo vinasimama juu ya jambo moja: kuku anamfahamu mwenzake mmoja mmoja na anakumbuka walivyomalizana.

Wanafahamiana hasa kwa kichwa, tena kwa karibu sana. Watafiti waliobadilisha sura ya upanga wa kuku waliona mwenyeji akipokewa kama mgeni na kupigwa. Upanga wenyewe una habari nyingine ndani yake. Mwaka 1939 W. C. Allee na wenzake wa Chicago waliwadunga sindano ya homoni ya kiume kuku jike waliokuwa chini. Panga zao zikakua, na wenyewe wakapanda vyeo.

Utafiti unaonigusa kuliko yote ulifanyika Quebec, Kanada, na ulichapishwa mwaka 1996. Kuku aliachwa atazame mkubwa wake akishindwa na mgeni, kisha akakutanishwa na mgeni huyo. Hakuthubutu kumwanza. Lakini kama alimwona mkubwa wake akimshinda mgeni, alipambana naye kama mtu mwenye matumaini. Yaani alitazama ugomvi usiomhusu, akaupima, akajua yeye atasimama wapi. Mnyama wa namna hiyo hastahili kuitwa mjinga.

Sasa fikiria tunachomfanyia. Kuku akikubali kushindwa huonyesha kwa kuondoka. Kuku wa kienyeji anayezunguka uwanjani ana mwembe wa kwenda kujificha nyuma yake, ana ua, ana jalala. Ndani ya banda la kubana, aliyeshindwa hana pa kwenda; anabaki mbele ya macho ya mkubwa, naye anaendelea kupigwa kwa kosa la kuwepo. Chombo cha chakula kikiwa kimoja, mkubwa anakilinda na wa chini anadumaa. Ndiyo maana naamini majeraha mengi ya mabanda ya nyumbani tunayatengeneza sisi, na kabla ya kukimbilia kukata midomo ni haki ya kuku tuanze na nafasi, vyombo viwili au vitatu vilivyowekwa mbalimbali, na fito za kutosha za kulalia.

Kuna kudonoana kwa aina nyingine ambako hakuhusiani na cheo kabisa. Pigo la ukubwa hulenga kichwa na huisha upesi. Ukiona manyoya ya mgongoni, mkiani au kwenye matako yanang'olewa, tena polepole, na anayefanyiwa mara nyingine ametulia tu, huyo anayedonoa anatafuta kazi ya mdomo. Kuku ameumbwa kuparua na kudonoa siku nzima; akinyimwa ardhi huhamia kwenye manyoya ya mwenzake. Mpe maranda makavu ya kuchakura, ning'iniza fungu la mchicha. Damu ikionekana usingoje hata saa moja, mtoe aliyeumia, kwa sababu jeraha jekundu huwavuta wote.

Na hapo kwenye kumtoa pana mtego. Kuku aliyetengwa wiki mbili tatu akitibiwa hurudi akiwa mgeni: wenzake hawamtambui tena, nafasi yake imeshajazwa, na anaweza kupigwa kuliko mwanzo. Mtenge ndani ya banda lile lile, nyuma ya wavu, aonekane na aone. Wageni halisi nao wapitie wavu huo kwa siku kadhaa kabla ya kuchanganywa, na wasiingizwe mmoja mmoja, maana mgeni wa peke yake hupokea mapigo yote. Siku utakayoondoa wavu ongeza chombo kimoja cha chakula na kimoja cha maji, uviache hapo mpaka ugomvi utulie.