Mayotte: Kisiwa cha Ufaransa Ambako Schengen Haifiki

Viza ya Schengen humfikisha Mtanzania Paris, Roma hata Athens. Akiitegemea kuingilia Mayotte atakwama, pengine kabla hajapanda ndege. Na hicho si kisiwa cha kigeni kwa Ufaransa: kimekuwa mkoa wake kamili tangu tarehe 31 Machi 2011, kinatumia yuro, na tangu 2014 Umoja wa Ulaya unakihesabu kuwa sehemu yake.

Sababu ni kwamba Ufaransa iliingiza kwenye eneo la Schengen ardhi yake iliyoko Ulaya peke yake. Mayotte, kama Réunion, kisiwa kingine cha Ufaransa, ilibaki nje na ina viza yake. Maombi hupitia ubalozi uleule na stika hufanana, ndiyo maana watu hukosea. Kwa hiyo soma mstari unaoeleza viza inatumika wapi. Kama Mayotte haikutajwa, usikate tiketi.

Anayepanga kupita Paris, aende Mayotte, kisha arudi Paris, ana mtego mwingine. Akiondoka Paris kwenda kisiwani, kisheria ametoka Schengen. Viza ya kuingia mara moja inakuwa imekwisha kazi, na ya Mayotte haitamrudisha Paris. Aombe inayoruhusu kuingia zaidi ya mara moja. Afueni yake ni moja: siku za Mayotte hazikatwi kwenye zile 90 anazoruhusiwa ndani ya eneo la Schengen katika kila siku 180.

Hayo ni ya mtalii na mfanyabiashara. Kwa Wakomoro, viza hii ni jambo zito zaidi. Katika kura ya tarehe 22 Desemba 1974 visiwa vya Komoro vya Ngazija, Nzwani na Mwali vilichagua uhuru kutoka Ufaransa, Mayotte ikakataa. Hata hivyo, kwa takriban miaka 20 baadaye watu waliendelea kuvuka kwenda kuoa, kuzika, kuuza na kutibiwa. Januari 1995 serikali ya waziri mkuu wa Ufaransa Édouard Balladur ikawawekea viza, na mpaka leo watu huiita viza ya Balladur. Nzwani iko kilomita 70 hivi kutoka Mayotte, na wengi wasioweza kuipata viza hiyo huvuka usiku kwa viboti vinavyoitwa kwassa-kwassa. Ripoti ya Seneti ya Ufaransa ya 2012 ilikadiria kuwa kati ya watu 7,000 na 10,000 walikuwa wamekufa maji tangu 1995. Siku hizi katika viboti hivyo hupanda pia Wakongo na Warundi wanaotafuta hifadhi.

Kwa maoni yangu, kipengele kigumu kuliko vyote hakimo kwenye viza bali kwenye kibali cha ukaazi. Mgeni aliyepewa kibali Paris huingia Mayotte bila viza. Aliyepewa Mayotte, kwa kawaida, hawezi kwenda nacho Paris wala Réunion. Hubidi aombe idhini nyingine, ingawa mihuri yote ni ya dola moja.

Serikali ya Komoro mjini Moroni nayo haijawahi kuukubali mpaka kati yake na Mayotte. Katiba ya Komoro inaitaja Mayotte miongoni mwa visiwa vyake, hivyo kwa sheria ya nchi yake, Mkomoro anayekamatwa ufukweni Mayotte bila viza hajavuka mpaka wowote.