Kupima shamba kwa simu: Mnara huharakisha, setilaiti hupima

MKULIMA anayetaka kujua ukubwa wa shamba lake siku hizi huwasha simu, huzunguka mipaka na kusoma ekari kwenye kioo. Kwa hesabu hiyo hununua mbegu na mbolea, na humlipa mwenye trekta. Kipimo kikikosewa, hasara ni yake.

Simu hiyo hutumia njia mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni setilaiti za mfumo wa GPS wa Marekani, zinazozunguka dunia kilomita 20,200 juu ya ardhi. Simu inahitaji kupata mawimbi ya setilaiti zisizopungua nne ili ijue ilipo. Kwanza lazima ipokee taarifa za njia ya kila setilaiti, ambazo hutumwa taratibu na kurudiwa kila sekunde 30. Mawimbi yakikatika chini ya mwembe, kusubiri huanza upya.

Njia ya pili ni mnara wa simu. Mtandao huipa simu taarifa hizo zikiwa tayari, pamoja na makadirio ya eneo ilipo, nayo hujua mahali pake ndani ya sekunde chache.

Hata hivyo, mnara huharakisha tu. Vijijini, ambako minara iko mbalimbali, mnara peke yake unaweza kukosea kwa kilomita kadhaa. Mtandao ukikosekana kabisa, GPS ya simu haifi bali huchelewa, ingawa ramani huenda isifunguke. Setilaiti zenyewe hazitozi hata senti.

Usahihi je? Simu ya kawaida, mahali peupe, hukosea mita 5 hivi. Hapo ndipo mwenye shamba dogo huumia zaidi. Ekari moja ya mraba ina upande wa mita 64. Mita 5 zikiongezeka upande mmoja, shamba "limekua" kwa asilimia 8. Tuseme mwenye trekta anatoza sh. 60,000 kwa ekari: mkulima amelipa karibu sh. 4,700 za bure. Kwa robo ekari kosa hilohilo ni asilimia 16, lakini kwa ekari 10 ni asilimia 2.5 tu.

Mkulima anashauriwa kusubiri mahali peupe dakika chache kabla ya kuanza, kutulia kidogo kila pembe, na kuzunguka mara mbili au tatu. Majibu yakipishana sana, au shamba likiwa chini ya ekari moja, futikamba bado ni mkombozi. Na mpaka wenye ugomvi usiamuliwe kwa simu. Hiyo ni kazi ya mpima ardhi.