Mtaji wako usiishie kwenye kona: niliyojifunza barabara ya Lushoto kwenda Mombo

Ndugu mfanyabiashara, kama unasambaza bidhaa kwa pikipiki, hii inakuhusu. Leo sizungumzii wateja wala namna ya kupata mkopo. Nazungumzia kona.

Mimi nanunua nyanya, karoti na matunda huku juu Lushoto, nashusha Mombo, pale kwenye barabara kuu yanapopita mabasi ya Dar, Moshi na Arusha. Kutoka Lushoto mjini hadi Mombo ni kama kilomita 33 za lami, na unashuka karibu mita 1,000. Anayeijua barabara hii anajua: kona juu ya kona, upande huu mlima, upande ule bonde.

Masika moja nilikuwa nashuka na matenga mawili ya nyanya. Mtaji ulikuwa shilingi 120,000, na nusu yake nilikopa kwenye kikoba. Kabla ya kufika Soni nikaingia kona ya kushoto kama siku zote. Pikipiki ikagoma kukata. Usukani ukawa mwepesi kama sijashika kitu, chombo kikaanza kunivuta kulia, na huko kulia Fuso ilikuwa inapanda. Dereva akakanyaga breki, Mungu amlipe. Nikapita mbele yake nikaenda kulala mtaroni. Nilitoka na goti limechanika. Nyanya zikawa rojo barabarani. Deni la kikoba nililipa kwa miezi mitatu.

Nikaamua tatizo ni pikipiki. Nikaikokota hadi kwa fundi mmoja mzee.

"Shikamoo mzee. Hii nataka kuiuza, nitafute yenye cc kubwa. Hii kona haiziwezi."

"Marahaba. Matenga ulifunga wapi?"

Nikamwonyesha keria, kule nyuma kabisa.

"Mwanangu, hapa hamna shida ya nguvu. Tairi la mbele ndilo linalokata kona, na wewe umelinyang'anya uzito."

Tulikaa pale mchana mzima. Aliyonifundisha ndiyo haya, na mengine nimeyaongeza mwenyewe kwa kushuka na kupanda.

1. Mzigo usipite ekseli ya nyuma

Fikiria bembea ya watoto. Ekseli ya tairi la nyuma ndiyo katikati ya bembea. Mzigo ukikaa nyuma ya ekseli, unainua mbele. Tairi la mbele likishakuwa jepesi halishiki barabara vizuri, hata ugeuze usukani vipi. Ndiyo maana mtu mwenye mzigo mkubwa anaona pikipiki "inakwenda inakotaka".

Sogeza mzigo mbele hadi karibu na mgongo wako. Vizito viwe chini, vyepesi juu. Kulia na kushoto vilingane. Kisha kaza mipira ya kufungia mpaka ukisukuma mzigo kwa mkono, pikipiki nzima itikisike pamoja nao. Mzigo ukicheza peke yake, utacheza katikati ya kona, na wakati huo huna mkono wa kuushika.

Wauza maziwa, hii ni yenu: dumu lisilojaa ni hatari kuliko lililojaa. Maziwa yanakimbilia upande mmoja, ukiinuka kutoka kwenye kona yanarudi upande wa pili, na yanakuvuta. Bora ubebe madumu machache yaliyojaa kuliko mengi yaliyo nusu.

2. Tairi na upepo

Tairi la pikipiki lina mgongo wa duara kwa sababu maalum: ukilala kwenye kona, unakanyagia ubavu wake. Sasa, pikipiki iliyozoea barabara zilizonyooka kule tambarare inalika katikati tu, tairi linakuwa bapa. Ukiilaza inakaa kwanza kwenye ule ubapa, halafu inaanguka ghafla kwenye ukingo. Ukinunua pikipiki iliyotumika, chuchumaa nyuma yake uangalie umbo la tairi kabla ya kusikiliza injini.

Upepo nao usikisie kwa kubonyeza na kidole. Nenda penye geji, tairi likiwa la baridi. Pikipiki nyingi za kazi zinataka kama 25 mbele, na nyuma 28 ukiwa peke yako, 32 ukiwa na uzito, lakini fuata kitabu au kibandiko cha pikipiki yako. Upepo ukiwa mdogo, tairi linapinda kwenye kona na pikipiki inayumba. Ukizidisha, tairi linagusa lami sehemu ndogo na linadunda kwenye mabonde. Wapo wanaopunguza upepo masika wakidhani watashika tope vizuri. Kwenye lami yenye kona, na mzigo nyuma, usifanye hivyo.

3. Beringi, bushi na spoki

Hapa ndipo fundi aliponishangaza. Alisimamisha pikipiki kwa stendi ya kati, akaniambia nikalie nyuma ili tairi la mbele liinuke. Akashika shokapu za mbele kwa chini, akavuta na kusukuma. Tukasikia "ko, ko". Hiyo ni beringi ya usukani imelegea. Kisha akageuza usukani taratibu kwa kidole. Ulipofika katikati ukanata kidogo. Maana yake beringi imeshachimbika, na kukaza peke yake hakutoshi, inabadilishwa.

Akahamia nyuma, akashika tairi, akalitikisa kushoto na kulia. Likicheza, angalia beringi za tairi au bushi za swingamu, ule mkono wa chuma unaoshika tairi la nyuma. Zikiisha, tairi la nyuma linaelekea kwingine wakati la mbele linakata kona.

Spoki unazigonga moja moja na spana. Iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa sauti ya kufa. Na kila ukikaza cheni, hakikisha alama za kulia na kushoto kwenye ekseli ziko sawa. Zikipishana, tairi limekaa upande.

Mimi beringi za usukani na ufundi vilinigharimu 25,000. Nyanya zilizomwagika zilikuwa 120,000. Piga hesabu mwenyewe.

4. Shokapu

Shokapu za nyuma za pikipiki nyingi zina pete yenye ngazi pale chini ya springi. Ukibeba mzigo, panda ngazi, pande zote mbili sawa. Usipofanya hivyo nyuma inakaa chini, mbele inanyanyuka, na tunarudi kwenye ile hadithi ya bembea. Ukiona mafuta yanachuruzika kwenye shokapu za mbele, sili zimekwisha. Pikipiki itadunda kwenye kona badala ya kutulia.

5. Mwendo unaumaliza kabla ya kona

Hili ni la kwako wewe mpandaji. Punguza mwendo pikipiki ikiwa bado imenyooka, weka gia utakayotumia, ndipo uingie. Tairi lina uwezo wake wa kushika. Ukiutumia kwa breki, wa kukata kona unabaki mdogo.

Na kumbuka hesabu hii: kwenye kona ileile, mwendo ukiongezeka mara mbili, kutoka 20 hadi 40, tairi linahitaji kushika mara nne zaidi. Si mara mbili. Ndiyo maana kona uliyoizoea inakushinda siku uliyochelewa.

Ukitaka kulala kushoto, sukuma kidogo mpini wa kushoto kwenda mbele. Pikipiki itajilaza yenyewe. Macho yaangalie mwisho wa kona, sio mtaro, kwa sababu unakoangalia ndiko unakokwenda. Mkono wa mafuta uwe mtulivu mpaka uinuke.

Na tafadhali, usishuke kwa kuachia nutro ili kuokoa mafuta. Ukiwa kwenye gia, injini inakusaidia kuzuia. Ukiachia, kazi yote inabaki kwa breki, na breki za dramu kwenye mteremko mrefu zinachemka mpaka zinakuwa laini. Mafuta ya mia tano uliyookoa hayalingani na tenga moja.

6. Soma barabara

Lami yetu haifanani asubuhi na jioni. Magari yanayotoka mashambani yanaacha tope kwenye kona. Mvua ikinyesha, mlima unateremsha kokoto. Kuna kona ziko kwenye kivuli cha miti, zinabaki na unyevu hata jua likitoka. Ukungu ukishuka, ingia kwa mwendo ambao unaweza kusimama ndani ya kile unachokiona. Kaa upande wako, maana Fuso ikipanda inahitaji nafasi kubwa ya kugeuka.

Siku hizi kabla sijafunga mzigo natumia dakika tano tu: upepo, tairi, usukani, breki, cheni. Halafu nafunga mzigo nausukuma. Ukicheza, nafungua naanza upya, hata mteja awe anapiga simu.

Pikipiki ni ileile niliyotaka kuiuza. Cc hazijaongezeka hata moja. Kona ile ya kabla ya Soni naipita karibu kila siku, na nyanya zinafika Mombo zikiwa nyanya.

Una mwenzako anayebeba mzigo kwa pikipiki milimani? Mtumie hii asome kabla hajafunga mzigo wa kesho.