Akrabu Isimamayo na Saa Ikaendelea

Huenda msomaji wetu amepata kuona saa ya mkono yenye vifungo viwili ubavuni. Ukibonyeza cha juu, akrabu ndefu nyembamba yaanza kuzunguka. Ukikibonyeza tena, yasimama. Ukibonyeza cha chini, yaruka mara moja mpaka sifuri. Wala muda wote huo saa yenyewe haikatizi mwendo wake. Jambo hili lawezekanaje?

Ndani ya saa, kamani iliyotiwa ufunguo huyasukuma magurudumu yenye meno, na gurudumu la mizani, likienda na kurudi, huyazuia yasikimbie ovyo. Saa yenye mapigo 28,800 kwa saa moja hupiga mara 8 kila sekunde. Kwa hiyo akrabu yake ya kupimia yaweza kuonyesha hata thumuni ya sekunde.

Akrabu hiyo ina gurudumu lake la peke yake. Katika saa nyingi za namna hii, kifungo kikibonyezwa, gurudumu dogo la kati husogezwa, meno yakashikana, na akrabu ikaenda. Kikibonyezwa tena, meno huachana na breki ndogo huishika akrabu pale pale.

Walakini kuirudisha kwenye sifuri ndilo lililokuwa gumu. Mwaka 1821, Nicolas Rieussec wa Ufaransa alipima mbio za farasi mjini Paris kwa chombo kilichodondosha wino juu ya uso wake. Lakini hakikuwa na njia ya kurudi sifuri kwa mara moja. Mwaka 1844 Adolphe Nicole, fundi wa Uswisi aliyefanya kazi London, alisajili dawa yake: kipande cha chuma chenye umbo la moyo, kilichofungwa pamoja na akrabu. Kinyundo kikikiangukia popote ubavuni, kipande huteleza na kuzunguka mpaka kinyundo kitulie katika lile bonde la juu ya moyo. Hapo ndipo sifuri, na akrabu hufika kwa njia iliyo fupi, mbele au nyuma.

Basi asidhani mtu kwamba hiki ni kichezeo. Mwezi wa Aprili 1970 tangi la oksijeni lilipasuka katika chombo cha Apollo 13, kiasi cha kilomita 320,000 kutoka duniani. Ili kuhifadhi umeme, mitambo ya kuongozea ilizimwa. Ikalazimu kuirekebisha njia kwa kuwasha injini sekunde 14 tu, na Jack Swigert alizihesabu kwa saa ya mkono. Tarehe 17 Aprili wote watatu walirejea salama.

Sisi twaziona sekunde 14 kuwa si kitu. Kwa watu wale zilikuwa njia ya kurudi nyumbani, zikipimwa na kamani, meno ya magurudumu, na fundi aliyeifanya kazi yake kwa uaminifu.