Herufi za kichwa na herufi za habari



Muhula uliopita ni mimi niliyeandika ratiba ya mitihani kwa ordinatere. Nilitaka ipendeze. Nikachagua herufi zenye mikia, kama zile za mwaliko wa arusi, kwa kichwa na kwa habari yote. Nakala zilipotoka, chumba 1 kilifanana na chumba 7. Wadogo wetu wawili wa darasa la kwanza wakaenda kukaa katika chumba kisicho chao. Walipofika mahali pao, dakika 20 za mtihani wa hesabu zilikuwa zimekwisha. Niliwaomba samahani, lakini dakika zile hawakurudishiwa. Ndiyo sababu ninaandika habari hii.

Herufi ziko za namna nyingi. Kwa kazi yetu tujue kwanza namna mbili.

Namna ya kwanza ina vimiguu. Tazama herufi kubwa I: juu na chini utaona kimstari kidogo. Mfano ni Times New Roman. Victor Lardent alizichora, Stanley Morison akisimamia kazi, kwa ajili ya gazeti The Times la London. Gazeti lile lilianza kuzitumia tarehe 3 Oktoba 1932. Safu za gazeti ni nyembamba, basi walitaka herufi nyingi ziingie katika mstari mmoja na bado zisomeke.

Namna ya pili haina vimiguu. Mfano ni Helvetica, iliyotoka Uswisi mwaka 1957, na Arial ya mwaka 1982, ambayo inafanana nayo sana.

Sasa tuziunganishe namna gani?

1. Chagua aina mbili tu, moja ya vichwa na moja ya habari. Zikiwa nne au tano, msomaji hajui tena lipi ni neno kubwa na lipi ni dogo.

2. Tofauti ionekane wazi. Arial nzito kwa kichwa na Times kwa habari zinapatana vizuri. Lakini Times pamoja na Garamond, zote zina vimiguu. Mtu atafikiri umekosea tu.

3. Habari iwe ya ukubwa wa 11 au 12, kichwa 16 au 18.

4. Usiandike habari nzima kwa herufi kubwa. Maneno yote yanakuwa kama matofali, na jicho linachoka upesi.

5. Kumbuka mashini yetu ya kutoa nakala. Mistari myembamba inapotea, na matundu ya a na e yanajaa wino. Herufi nzuri kwenye ordinatere inaweza kuharibika kwenye karatasi.

Herufi zenye mikia si mbaya. Ziweke kwenye kadi ya sikukuu, maneno machache tu. Zisiguse ratiba, majina, wala hesabu za pesa.

Mwishowe, fanya jaribio. Toa nakala moja, mpe mdogo wa darasa la kwanza, asome kwa sauti jioni chini ya taa ya bweni. Akisimama kwenye neno au namba, badilisha herufi, usimkemee mtoto.

Ratiba ya muhula huu nimeiandika kwa Arial na Times. Wale wadogo wawili ndio walioisoma kwanza, mbele ya kuibandika ukutani. Chumba 1 walikiona.

Mkubwa wa wanafunzi,
darasa la 6