Kufundisha Njia ya Umeme kwa Kutumia Nyaya za Land Rover

Makusudi ya makala haya ni kumsaidia mwalimu mwanafunzi kufundisha somo la umeme katika shule ya msingi kwa namna ambayo mtoto ataelewa, wala si kukariri tu. Mfano tutakaoutumia ni Land Rover kuukuu inayotiwa nyaya mpya. Huenda ukauliza kwa nini tuchague gari, ilhali mtoto anaweza kufundishwa kwa tochi. Jibu ni kwamba nyaya za gari hilo hudhihirisha kosa moja la kufikiri ambalo watoto wengi wanalo, na ambalo baadhi yetu sisi walimu tunalo bila kujijua. Tochi tutaifikia baadaye, nayo itaeleweka vizuri zaidi.

KOSA LENYEWE

Mpe mtoto betri moja ya tochi, glopu ndogo na kipande cha waya, kisha umwambie aiwashe glopu. Aghalabu ataunga waya kutoka kichwa cha betri hadi kitako cha glopu, halafu ataduwaa asipoona mwanga. Kwake yeye umeme ni kama maji ya ndoo: hutoka kwenye betri, hufika kwenye taa, nao hukwisha hapo.

Mawazo haya si ya watoto wa Ufipa peke yao. Katika miaka ya 1980 Roger Osborne na wenzake huko New Zealand waliwahoji watoto juu ya jambo hili. Wapo waliodhani kuwa njia moja kutoka kwenye betri hadi kwenye taa inatosha. Wapo waliodhani kuwa umeme hutoka ncha zote mbili za betri na kugongana ndani ya taa. Wengine walikubali kwamba umeme hurudi kwenye betri, lakini walifikiri kuwa unaorudi ni mchache kwa sababu taa imekula sehemu yake.

Ukweli ni huu: mkondo unaorudi ni sawa na mkondo unaokwenda. Kinachotolewa kwenye taa ni nishati, si mkondo wenyewe. Mfikirishe mtoto mnyororo wa baiskeli. Pingili zinazorudi chini ni nyingi sawa na zile zinazopita juu, hakuna inayoliwa na gurudumu la nyuma, na hata hivyo nguvu ya miguu imefika kwenye gurudumu. Tena mnyororo ukikatika mahali popote, juu au chini, baiskeli haiendi.

KWA NINI LAND ROVER

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948. Kwa kuwa chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, bodi yake ilitengenezwa kwa mchanganyiko wa alumini, ikafungwa juu ya chesisi ya chuma. Mtindo huo uliendelea katika zile za Series II zilizoanza mwaka 1958 na za Series III zilizotengenezwa tangu 1971 hadi 1985.

Sasa tazama kitita cha nyaya zake, ambacho mafundi hukiita wayaringi. Kila taa huletewa waya wa kupeleka umeme, lakini huoni waya unaotoka kwenye taa hiyo na kurudi hadi kwenye betri. Mtoto akitazama atasema, "Nilisema mimi, waya mmoja unatosha." Hapana budi mwalimu awe tayari kwa neno hilo. Njia ya kurudi ipo, ila haina umbo la waya. Umeme ukishapita katika taa huingia kwenye bodi na chesisi, ukasafiri humo hadi mahali ambapo waya mnene umefunga chesisi kwenye ncha ya betri. Gari lenyewe ndilo waya wa pili.

KISA CHA RANGI MPYA

Nitaeleza kosa langu mwenyewe, kwa maana lilinifundisha zaidi ya vitabu. Tuliletewa Land Rover ya Series III ambayo nyaya zake zilikuwa zimetafunwa na panya. Mwenye gari alikuwa mtu wa bonde la Ziwa Rukwa, na gari lake ndilo lililopandisha wagonjwa na mizigo kutoka Muze. Walimu wanafunzi walifanya kazi kwa bidii. Nami, kwa kupenda usafi, niliamuru chesisi ikwanguliwe kutu na kupakwa rangi kabla ya kufunga kitita kipya.

Siku ya kujaribu, taa zote ziliwaka isipokuwa ya nyuma kushoto. Tulipokanyaga breki, taa ya kushoto haikung'aa. Badala yake taa ndogo ambazo hatukuziwasha zilianza kumulika kwa unyonge. Mwenye gari alikuwa amesimama mlangoni akitaka kuteremka kabla ya giza. Niliamuru waya wa taa hiyo ubadilishwe. Ukabadilishwa, hali ikabaki vilevile. Nikafikia kusema kwamba taa ya kulia yatosha kwa safari moja.

Hapo mwalimu mwanafunzi mmoja akauliza, "Samahani mwalimu, umeme ukishatoka kwenye taa hii unarudi kwa njia gani?" Nilinyamaza. Alichukua waya mrefu, akaushikiza kwenye ncha hasi ya betri, akagusisha mwisho wake kwenye chuma cha taa ile. Taa ikawaka vizuri. Waya wa kupeleka haukuwa na ubaya wowote. Bolti ya kurudishia umeme ilikuwa imefungwa juu ya rangi yangu mpya, na rangi haipitishi umeme.

Barabara ya kuteremka Lyambalyamfipa ina kona kali na vumbi jingi. Gari lisiloonyesha kwamba linafunga breki laweza kugongwa na linalolifuata. Tulikwangua rangi mahali pa bolti mpaka chuma kikang'aa, tukafunga tena, na gari likaondoka salama. Lakini nilikuwa karibu kuliruhusu liende na ubovu wake, kwa kuwa nami nilifikiri kama yule mtoto wa betri na glopu.

MAELEZO YA KISA

Glopu ya nyuma ya gari hilo ina nyuzi mbili ndani yake: moja ya breki, yenye wati 21, na nyingine ya taa ndogo, yenye wati 5. Nyuzi hizo zina njia moja ya kurudishia umeme. Njia hiyo ikizibwa, umeme wa breki hauachi kutafuta njia. Hupita katika uzi wa breki, hurudi nyuma kupitia uzi wa taa ndogo, hufuata waya wake mwekundu, na mwisho hupita katika taa ndogo nyingine ambazo njia zao ni nzima. Ndiyo maana taa zisizowashwa humulika.

Si lazima njia izibwe kabisa ndipo ubovu utokee. Chukua taa ya wati 21 kwa betri ya volti 12. Mkondo wake ni 21 ukigawanya kwa 12, yaani ampea 1.75, na ukinzani wake ni karibu omu 7. Kutu ikiongeza omu 3 kwenye bolti, ukinzani wote huwa omu 10, na mkondo hupungua hadi ampea 1.2 hivi. Taa itabakiwa na volti 8 tu na kidogo, nayo itafifia. Katika Land Rover hatari hii ni kubwa, kwa sababu pale alumini inapogusana na chuma penye unyevu, alumini huliwa na kuacha unga mweupe usiopitisha umeme. Mvua za Ufipa huleta unyevu huo kila mwaka.

HATUA ZA KUTIA KITITA KIPYA

Hatua zifuatazo ni za fundi, lakini kila moja ina funzo kwa mwalimu.

1. Fungua betri kwanza, ukianza na ncha iliyofungwa kwenye chesisi. Volti 12 hazimrushi mtu, lakini spana ikiunganisha ncha zote mbili yaweza kuwa nyekundu kwa moto.

2. Kabla ya kung'oa, chora. Funga kitambaa chenye namba kwenye kila mwisho wa waya, na uandike namba hiyo katika mchoro. Kadhalika darasani, mtoto achore anachokiona kabla hajagusa.

3. Soma rangi. Katika magari hayo waya wa kahawia hutoka kwenye betri moja kwa moja. Mweupe hupata umeme ufunguo ukiwashwa. Wa kijani ni ule uliokwisha kupita kwenye fyuzi baada ya ufunguo. Mwekundu ni wa taa ndogo. Wa buluu ni wa taa kubwa. Na mweusi ni wa kurudishia umeme. Mtoto asikariri orodha hii. Afuate rangi moja kwa kidole tangu mwanzo hadi mwisho.

4. Kitita cha nyuma hupita ndani ya chesisi. Funga kamba imara kwenye mwisho wa kitita cha zamani kabla ya kukivuta. Kikitoka, kamba hubaki ndani, nawe utaitumia kuvutia kipya. Hivi ndivyo linalojulikana linavyolivuta lisilojulikana.

5. Weka mpira kwenye kila tundu la bati ambamo nyaya hupita, la sivyo makali yatakata ganda lake na umeme utapata njia ya mkato.

6. Kwangua kila mahali pa kurudishia umeme mpaka chuma king'ae, kaza bolti, kisha paka grisi juu yake kuzuia maji.

7. Jaribu njia moja moja, wala si zote kwa pamoja. Mahali pa fyuzi weka kwanza glopu ya volti 12. Ikiwa kuna njia ya mkato, glopu hiyo itawaka kwa nguvu, na nyaya zako hazitaungua.

KULETA SOMO DARASANI

Huna haja ya gari. Tafuta debe tupu, betri mbili za tochi, glopu mbili na waya. Debe ndilo chesisi. Unganisha ncha hasi ya betri na debe. Pitisha waya kutoka ncha chanya hadi kwenye kitako cha glopu, na shingo ya glopu iguse debe. Huenda isiwake, kwa kuwa madebe mengi yamepakwa rangi. Usiwaambie sababu. Waulize watoto umeme unarudi kwa njia gani, kisha wape msasa. Taa itakapowaka baada ya debe kukwanguliwa, watakuwa wamegundua wenyewe kile kilichonishinda mimi.

Ndipo ulete tochi ya bati ya zamani. Waulize kwa nini mtu huipiga kofi inapofifia. Mwili wa tochi hiyo ndio njia ya kurudi, na kofi husogeza kidogo kutu iliyo kwenye kifuniko. Mwisho waonyeshe taa ya umeme wa jua, ambayo siku hizi imo katika nyumba nyingi vijijini. Ina nyaya mbili, mwekundu na mweusi. Waulize mweusi una kazi gani. Atakayejibu kwamba ni njia ya kurudi, na kwamba mkondo uliomo ni sawa na ule wa mwekundu, amelielewa somo.

HITIMISHO

Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alidai shule isitengwe na kazi za watu wanaoizunguka. Fundi wa nyaya wa Sumbawanga ni mmoja wa watu hao, na gari analolitengeneza lina somo zima la saketi ndani yake. Lakini gari halitamfundisha mtoto kama mwalimu haoni sehemu iliyofichika. Kwa hiyo, kabla hujaingia darasani, chora njia yote ya umeme tangu ncha moja ya betri hadi nyingine, bila kuinua kalamu. Ukikuta mahali ambapo kalamu yako inasita, hapo ndipo pa kujifunza kwanza wewe mwenyewe.